Nilikuwa nauza uchovu

Mteja wangu wa kwanza wa maana wa kumfundisha mazoezi hapa Dodoma alidumu siku moja.

Ilikuwa 2018, mwaka uleule Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji. Watumishi walikuwa wanahamia kutoka Dar kwa makundi, na kodi za nyumba Area D na Kisasa zinapanda kila ukigeuka. Yeye alikuwa bosi wa idara fulani, miaka 54, kitambi cha heshima, raba mpya ambazo bado zilikuwa na kibandiko cha bei kwenye soli. Alifika Uwanja wa Jamhuri saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Dereva wake alibaki ndani ya gari, injini inaunguruma, kama vile jambo lenyewe halitachukua muda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu nikafanya kitu pekee nilichokuwa najua kukifanya: nikamtandika. Skwati 100, ishirini ishirini. Pushapu za magoti. Kamba. Ngazi juu, ngazi chini, mpaka akawa anashikilia nguzo. Tulipomaliza fulana ilikuwa imemganda mwilini, anahema kwa mdomo, na anacheka. "Mwalimu, wewe ni balaa," akaniambia. Nilirudi zangu Chang'ombe kwa miguu, kifua mbele, nikijiona nimeshatoka kimaisha.

Kesho yake dereva akanipigia: mzee anashuka ngazi kinyumenyume. Keshokutwa akapiga tena, safari hii kwa sauti ya chini kama anayevujisha nyaraka. Mzee alikaa chooni akashindwa kuinuka, ikabidi aitwe kijana wake wa kidato cha nne amvute mikono. Jioni ukaingia ujumbe: "Mzee anashukuru sana. Amesema atakutafuta." Mtu mzima akikwambia atakutafuta, wewe tafuta mteja mwingine.

Niliwasimulia wenzangu kijiweni, tukacheka. Tukasema mzee laini, amezoea viti vya kuzunguka. Ilinichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri kuelewa kwamba aliyekuwa hajui kazi pale uwanjani ni mmoja tu, na si yeye aliyevaa raba zenye bei.

Nilikotoka kulinifundisha hivyo. Shuleni tulikimbia mchakamchaka alfajiri. Jeshini, kule JKT, nikajifunza kwamba mtu akilegea unamwongezea. Mtaani tulinyanyua vyuma vya kujitengenezea, makopo ya rangi yaliyomwagiwa saruji na bomba katikati, na aliyekuwa mwalimu ni yule mwenye kifua kikubwa kuliko wote. Hakuna aliyemuuliza amesomea wapi. Kifua ndicho kilikuwa cheti chake. Kwa hiyo nilipoanza kulipwa, bidhaa niliyokuwa nayo dukani ilikuwa moja: uchovu. Mteja akiondoka anatambaa, nimefanya kazi. Akiondoka anatembea vizuri, nimemwibia hela yake. Na wateja wenyewe walikubaliana nami, hilo ndilo tatizo. Mpaka leo kuna watu wanapima kipindi kwa maumivu ya kesho yake: "Jana ulinipatia kweli, hata kukaa siwezi."

Baadaye nilisoma kozi kwa mtandao, usiku, bando likiisha katikati ya video. Humo ndimo nilipokutana na maelezo ya kilichompata mzee wangu, na sikufurahi. Misuli ikifanya kazi huku inarefuka, yaani pale unaposhuka kwenye skwati au unaposhuka ngazi, nyuzi zake huchanika vidogovidogo, hasa kama haijazoea. Maumivu hayaji palepale. Huja kesho yake na kufika kileleni siku ya pili, wakati mwingine mpaka ya tatu, ndiyo maana simu ya choo ilikuja keshokutwa. Jimu nyingi bado wanakwambia hiyo ni asidi imeganda kwenye misuli, ukimbie kidogo itoke. Si kweli. Hiyo asidi wanayoisema mwili unaiondoa ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Na kilichonikosesha usingizi ni hiki: ukimzidishia sana mtu asiyezoea, misuli inaweza kuvunjika kiasi cha kumwaga vitu vyake kwenye damu na kuziumiza figo. Dalili yake ni mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mtu akikuambia hivyo baada ya mazoezi humwambii anywe maji mengi, unampeleka hospitali siku hiyohiyo. Mzee wangu hakufika huko. Ni bahati yake, na yangu.

Kuna daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, ninayemkumbuka kila ninapopanga namba. Mwaka 1945 aliandika kuhusu askari waliokuwa na magoti na mapaja yaliyonywea baada ya majeraha na upasuaji. Badala ya kuwaacha walale, aliwafunga viatu vya chuma miguuni wanyooshe goti, akapima kila mmoja anaweza uzito gani mara kumi, na kila wiki akaongeza kidogo. Mwanzoni aliwafanyisha marudio mengi, sabini mpaka mia kwa siku. Miaka michache baadaye akarudi mwenyewe akasema ile idadi ilikuwa kubwa mno, ishirini mpaka thelathini yanatosha. Seti tatu za kumi zinazoimbwa na kila jimu duniani zimetokea hapo. Yule alikuwa na wagonjwa, vipimo na daftari, akapunguza kutoka mia. Mimi nilikuwa na filimbi, nikaanza na mia.

Daftari nikanunua. La mistari, la duka la vifaa vya shule, jalada gumu. Nitalirudia.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu nilikuwa tayari nimeshasoma nusu. Nusu ya elimu ina kiburi chake. Nilipata mteja, mama wa miaka 41, mtumishi, ana saa ya mkononi inayosoma mapigo ya moyo. Nikapiga hesabu iliyo kila mahali ya kukisia mapigo ya juu kabisa ya moyo: 220 toa umri, ni 179, asilimia 70 yake ni kama 125. Nikamwambia, mama, nataka nione 125 hapo. Tukaanza kupanda kale kamlima ka nyuma ya nyumba yake. Saa inasoma 98. Inasoma 104. Yeye anahema, mimi naangalia saa. "Unanizembea leo," nikamwambia, na nikaongeza mwendo. Ikafika 109, akakaa kwenye jiwe, midomo imepauka, akaomba maji. Nikamuuliza kama anaumwa. Akanijibu jibu ambalo nimelisikia mara nyingi sana tangu hapo: "Mimi siumwi, mwalimu. Nameza tu dawa za presha."

Alikuwa anameza atenolol. Dawa za kundi hilo kazi yake mojawapo ni kushusha mapigo ya moyo, hivyo unaweza kumkimbiza mtu mpaka azimie na saa haitafika kwenye namba yako. Na hata kwa asiyemeza chochote, ile hesabu ya 220 ni makisio ya wastani. Kwa mtu mmoja inaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi, juu au chini. Mimi niliiamini kuliko uso wa mtu aliyekuwa mbele yangu.

Fomu nilikuwa nayo. Kuna maswali saba mafupi yaliyotungwa Canada miaka ya sabini ili kumchuja mtu kabla hajaanza mazoezi: moyo, maumivu ya kifua, kizunguzungu, viungo, dawa za presha, na kadhalika. Maswali mazuri. Lakini jaribu kumwuliza mtu wa kwetu "Una ugonjwa wowote?" asubuhi, mbele ya watu, akiwa amevaa traksuti mpya. Atakwambia hamna shida. Ugonjwa kwetu ni kulala kitandani. Presha ni hali. Sukari ni hali. Goti ni umri. Kwa hiyo siku hizi siulizi ugonjwa. Nauliza: "Asubuhi, kabla ya chai, unameza nini?" Nauliza: "Mara ya mwisho kwenda hospitali ilikuwa lini, na wewe ulikuwa mgonjwa au ulimsindikiza mtu?" Nauliza ngazi za ofisini anapanda au anasubiri lifti, na akipanda anaanza kutafuta kisingizio cha kusimama ghorofa ya ngapi. Majibu yanatoka yenyewe. Namba ya juu ya presha ikiwa 160 na zaidi hatukimbii popote, naomba kwanza akamwone daktari, hata kama ameshalipa. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari mno simwanzishi bila kitu cha sukari mfukoni, na nimejifunza kumshika mkono: jasho la mazoezi lina joto, jasho la sukari kushuka ni la baridi, na mtu anaanza kujibu maswali kama aliyetoka usingizini.

Basi kama si saa, napimaje? Gunnar Borg, Mswidi, alitunga kipimo cha kuuliza mtu mwenyewe anajisikiaje, kuanzia 6 hadi 20. Kinafanya kazi vizuri kwa watu waliozoea kujipa namba. Wateja wangu ukiwauliza wanakwambia "kawaida tu" mpaka wanaanguka. Kinachonisaidia ni maongezi. Mtu akiweza kuzungumza nawe sentensi nzima lakini hawezi kuimba, yuko mwendo wa kati, ule ambao Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Akiweza kuimba, anatembea tu. Akijibu neno mojamoja, yuko juu.

Siku moja nikiwa naeleza hivyo nikashtuka: mbona haya tuliyafanya shuleni bila kuambiwa? Mchakamchaka haukuwa kukimbia kimyakimya. Mmoja anaanzisha, wote mnaitikia, maneno mafupi, mguu na mdomo pamoja. Aliyeshindwa kuitikia alibaki nyuma yeye mwenyewe. Aliyekuwa anaimba kwa raha kama yuko kwaya alikuwa havuti miguu vya kutosha, na kiranja alimwona. Tulikuwa na kipimo cha pumzi kwa kundi zima na hatukulipia kozi. Sasa nikiwa na kundi la Jumamosi naanzisha wimbo wa kuitikia, na sisikilizi sauti nzuri. Nasikiliza nani ameacha kuitikia.

Kuna jambo ambalo sikulikuta kwenye kozi yoyote, kwa sababu walioziandika hawaamkii. Mteja wangu wa kawaida ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na tano, ishirini. Nimeanza kwa shikamoo. Dakika tano baadaye natakiwa nimwambie alale chini kifudifudi kwenye mkeka, na kwamba anakosea. Lugha ya afande haifai hapo. "Shuka! Shuka tena!" kwa mtu wa rika la baba yako? Hata yeye akivumilia, wewe mwenyewe ulimi unakuwa mzito. Nilichogundua ni kwamba Kiswahili chenyewe kina mlango: tushuke kidogo, mzee. Tuvute pumzi. Turudi juu polepole. Ile "tu" inabeba heshima yote. Gharama yake ni kwamba ukisema tushuke, lazima na wewe ushuke. Magoti yangu yanalipia adabu hiyo mara kadhaa kila siku.

Na adabu inaficha maumivu. Mtu mzima hatakulalamikia kijana, atakunja uso na kusema endelea tu. Kwa hiyo simuulizi kama inauma. Nauliza inaumaje, na hapo lugha yetu ni tajiri kweli. Inawaka moto katikati ya paja? Hiyo ni misuli inafanya kazi, tuendelee. Inachoma kama sindano kwenye goti? Tusimame, tubadilishe. Inakwaruza? Tupunguze kina. Inavuta kutoka kiunoni kushuka mguuni, na ganzi juu yake? Leo tumemaliza, kesho hospitali. Kifua kizito kama kimewekewa gunia? Hapo simalizi hata swali, natafuta gari.

Kumgusa mtu je? Naomba ruhusa kila mara, hata kwa mteja wa mwaka mzima. Kwa akina mama mara nyingi sigusi kabisa. Natumia mpini wa fagio. Unauweka mgongoni uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na pale juu ya makalio. Unamwambia ainame kwa kusukuma makalio nyuma, kama anayefunga mlango wa gari mikono imejaa mizigo, na mpini usiachane na sehemu hata moja. Mgongo ukijikunja, mpini unaachana na kiuno na yeye mwenyewe anausikia. Mpini unakosoa, mimi nimesimama pembeni na heshima zangu. Nimefundisha watu wengi kunyanyua kwa fagio hilo kuliko kwa chuma chochote.

Nilimfundisha hivyo mama mmoja anayeuza vitenge Majengo. Huyu ni binti yake aliyemlipia miezi mitatu, zawadi ya siku ya kuzaliwa, baada ya vipimo vya sukari kuja vibaya. Wiki ya kwanza alikuja mara moja. Ya pili, hakuja. Zamani ningemtumia ujumbe wa kumhimiza, yale maneno ya ukutani yenye picha ya simba. Nilikuwa nimesoma kuhusu William Miller na Stephen Rollnick, wanasaikolojia waliotengeneza namna ya mazungumzo iliyoanzia kwa watu wanaopambana na pombe. Kiini chake ni kwamba ukimsukuma mtu aliye njia panda, atasukuma upande wa pili. Ukimwambia faida, atakutajia vikwazo, na kila akivitaja anajishawishi mwenyewe. Kwa hiyo nikaenda dukani kwake, nikakaa kwenye stuli, nikauliza swali lao moja.

"Mama, kuanzia sifuri mpaka kumi, hili jambo la mazoezi wewe mwenyewe unaliona lina uzito gani? Achana na binti."

Akafikiri. "Nne."

Mdomo wangu ulitaka kuuliza mbona nne tu. Ukiuliza hivyo umekwisha, atakupa sababu sita za unne wake: duka, jua, vumbi, wajukuu. Nikauliza kinyume: "Mbona haikuwa moja?"

Akanyamaza. Akakunja kitenge kilichokuwa tayari kimekunjwa. Akasema dada yake alikatwa kidole cha mguu, halafu wakaongeza vingine viwili. Akanyamaza tena. Halafu akasema kitu ambacho mimi nisingekibuni kwa miaka kumi: kwamba anataka aendelee kufuata mzigo mwenyewe Kariakoo, akague rangi kwa macho yake, anyanyue robota lake mwenyewe, asije akamtegemea kijana wa dukani akamletea vitenge vinavyochuja.

Basi programu ikajiandika yenyewe. Mpini wa fagio wiki mbili. Halafu gunia la mchanga wa kilo 10, kutoka chini mpaka kiunoni, seti mbili za nane. Kutembea nalo hatua ishirini. Kukagua miguu yake kabla ya kuvaa raba, kila siku, vidole vyote, kwa sababu mwenye sukari anaweza kuwa na kidonda asikisikie. Hakuna pushapu hata moja, hakuna anayenunua vitenge kwa pushapu. Zoezi lile tuliliita robota na mpaka leo ndilo jina lake kwa wateja wangu wote, hata waheshimiwa.

Kuhusu chakula nitasema kwa kifupi maana kila mtu ana maoni. Sitoi orodha za kula kwa mgonjwa, namwelekeza kwa afisa lishe, hospitali wapo. Siuzi unga wa kupunguza tumbo na ninawadharau kidogo makocha wanaouza. Sitiapu hazichomi mafuta ya tumbo. Zinaimarisha misuli iliyo chini ya mafuta, na mafuta yanabaki yalipo, mwili unayatoa unakotaka wenyewe. Na Mgogo aliyekua kwa ugali wa uwele na mlenda hana haja ya kufundishwa kula na mtu aliyeiga video. Anachohitaji ni mtu wa kumwuliza vikao vingapi wiki hii, na kwenye kila kikao soda ngapi.

Jasho nalo. Bado kuna watu wanajifunga nailoni tumboni mwezi Oktoba. Wanachopoteza ni maji, yanarudi na glasi ya kwanza. Hapa kwetu hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, mtu anasema leo sijatoka jasho na fulana yake nyeusi ina ramani nyeupe ya chumvi mgongoni. Huyo ndiye wa kunyweshwa maji.

Mji huu una ratiba yake pia, na kocha asiyeijua atalia. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, Bunge la bajeti likiwa limeanza, simu haipumziki. Julai upepo wa baridi unavuma, Bunge limefungwa, nabaki na wenyeji na walimu. Tangu treni ya umeme ianze 2024, Ijumaa mchana nusu ya wateja wangu wako stesheni kwenda kwa familia zao Dar. Nilikuwa nawanunia. Sasa nimehamisha kipindi kizito kwenda Jumatano na nawapa dakika ishirini za kufanyia sebuleni, za kiti na ukuta. Wengi hawazifanyi. Wachache wanazifanya, na hao naweza kuwatambua Jumatatu kabla hawajasema neno.

Kwa wale wa ofisi za serikali kule Mtumba wanaoniambia hawana muda, nawasimulia makonda wa London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva na konda, basi moja, kampuni moja. Dereva amekaa siku nzima, konda anapanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku akikata tiketi. Madereva ndio waliougua na kufa kwa moyo zaidi. Hakuna konda aliyekuwa na jimu. Mteja wangu mmoja tangu asikie hiyo ananiita konda, na anapanda ngazi.

Na Septemba 2025, Alphonce Simbu, kijana wa Singida hapo jirani, alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, wiki ileile nilipokea ujumbe wa watu watano wanaotaka kukimbia kilomita 42. Wawili kati yao hawajawahi kukimbia mbili. Sikuwacheka. Niliwaeleza kwamba yule alikuwa wa tano Rio 2016, wa tatu London 2017, na dhahabu ikaja miaka minane baadaye, kwa muda wa 2:09:48 uleule alioupata Mjerumani Amanal Petros, wakitofautiana kwa sehemu tatu za mia ya sekunde. Halafu nikawapangia: dakika moja kukimbia, mbili kutembea, mara nane. Mmoja bado yupo. Yuko dakika nne kwa moja sasa.

Mwaka huu, mwezi wa pili, namba nisiyoijua ikanipigia.

"Wewe ndiye yule kijana wa Jamhuri?"

Nikasema ndiyo, shikamoo.

"Marahaba. Nilisema nitakutafuta, au sikusema?"

Amestaafu. Hakurudi Dar, amejenga Nzuguni, ana shamba la zabibu Hombolo na goti la kulia linamsumbua akiinama kwenye mizabibu. Tulikutana kibarazani kwake, si uwanjani. Nilifungua daftari na kwa nusu saa nzima hatukufanya zoezi lolote. Kabla ya chai anameza vidonge viwili, akavileta, nikaandika majina. Goti linakwaruza, halichomi. Kushuka chini shambani kunamshinda kuliko kupanda. Nilimwomba msamaha wa 2018. Akacheka mpaka mke wake akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Kisha nikavuta kiti cha plastiki. Tukae, mzee, polepole, tuhesabu mpaka tatu tukishuka. Tuinuke. Mara tano. Tukapumzika, tukapiga stori za bei ya zabibu, tukarudia mara tano. Nikafunga daftari.

Alibaki amekaa, mikono magotini, ananitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Mbona sijachoka?"

"Ndiyo, mzee."

"Ndiyo nini? Ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha mpaka Alhamisi."

Akasimama mwenyewe, bila kushika meza, akanisindikiza mpaka getini. Nilipofika kituo cha bajaji nikaandika: kiti, 5 mara 2, goti kimya. Alhamisi aniletee karatasi ya presha.